Kuhusu ile picha ya Monet ya maua mekundu

Mkuu, umeuliza kama macho yanakudanganya kuona watu mara mbili kwenye hii picha ya Monet, yule mchoraji Mfaransa. Hapana, hujaona vibaya, ni kweli wako mara mbili: mama na mtoto huku chini wamezama kwenye majani, halafu mama na mtoto wengine kule juu kilimani. Inasemekana ni mkewe Camille na mwanae Jean, dogo alikua na miaka kama 6 hivi. Kaichora 1873 karibu na Argenteuil, nje kidogo ya Paris, mwaka uliofuata akaipeleka kwenye yale maonyesho ya kwanza ya kundi lake la wachoraji, wale Impressionists.

Sasa ukiunganisha hao wa juu na hawa wa chini unapata mstari wa mshazari, huo ndo umeshika picha nzima, kushoto wekundu kibao wa maua na kulia majani ya kijani yamefifia, afu yale maua yenyewe ukisogea karibu ni madoa tu ya rangi, tena ya mbele makubwa kupita kiasi ukilinganisha na mwavuli wa bibie. Sura ndo usitafute kabisa, hakuhangaika nazo. Ipo jumba la makumbusho la Orsay, Paris, na ni kadogo balaa, sentimita 50 kwa 65.