Mtandao wa majadiliano usio na mwenyewe: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Natengeneza programu hapa Moshi. AMCOS (vyama vya ushirika) za kahawa za Machame, Kibosho na Marangu zinataka mahali pa kujadiliana bei, magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, bila kutegemea kampuni moja. Intaneti huko juu inakatika ovyo. Nimesoma habari za Usenet, mtandao wa zamani wa makundi ya majadiliano. Niifufue NNTP, itifaki yake (kanuni za seva kupashana ujumbe), au nianze upya?

JIBU: Marahaba. Anza upya, lakini usitupe kila kitu.

Usenet ilibuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, enzi ambazo kompyuta zilipigiana simu, zikabadilishana ujumbe, zikakata. Hali hiyo ni ya Kibosho kabisa. NNTP ilipokuja mwaka 1986 iliuendeleza utaratibu uleule: kila ujumbe una kitambulisho, seva inasema "ninao huu, unautaka?", mwenzake anaitikia au anakataa. Seva kuu haipo. Huo utaratibu uchukue. Hata simu ya afisa ugani anaposhuka mjini inaweza kubeba ujumbe wa kijiji kizima.

Ubovu ulikuwa kwenye uaminifu. Jina la mwandishi lilikuwa maandishi tu. Yeyote aliweza kuweka la mwenzake. Amri ya kufuta ilighushiwa vilevile, na hata kibali cha msimamizi wa kundi. Aprili 1994 mawakili wawili wa Arizona, Canter na Siegel, walimwaga tangazo la bahati nasibu ya Green Card kwenye maelfu ya makundi. Waliochoka wakaunda programu za kufuta matangazo ya namna hiyo, kwa amri ileile isiyothibitishwa.

Kwa hiyo kila simu itengeneze jozi ya funguo, mmoja wa siri wa kutia sahihi na mmoja wa wazi wa kuihakiki, na kila ujumbe utiwe sahihi. Ed25519, njia mojawapo ya kutia sahihi kidijitali, inatosha: sahihi ni baiti 64, haiumizi bando. Kitambulisho kitokane na maudhui yenyewe kwa SHA-256, hesabu inayogeuza ujumbe kuwa alama yake fupi ya pekee. Anayebadilisha herufi moja anakuwa ameandika ujumbe mwingine.

Sasa ugumu wenyewe: mzee akipoteza simu, ufunguo umeenda nayo. Hapa una bahati, maana AMCOS ina viongozi wanaomfahamu kwa sura. Katibu na mwenyekiti watie sahihi tamko kwamba ufunguo mpya umerithi wa zamani. Mmoja peke yake asiweze.

Usimamizi nao uwe hivyohivyo. Msimamizi asifute kwa wengine. Atoe tamko lenye sahihi, "ficha ujumbe huu," na kila AMCOS iamue inamfuata nani. Machame wakificha, Marangu wanaweza kuendelea kusoma. Kutakuwa na manung'uniko, lakini afadhali hayo kuliko mtu mmoja kuwanyamazisha wote.

Saa za simu usiziamini kupanga mazungumzo. Jibu litaje kitambulisho cha ujumbe unaojibiwa. Picha zisisambazwe kila mahali, atakayezitaka azivute. Wa blokucheni (daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi) watakuja kukushauri. Wasikilize kwa adabu, uendelee na kazi.

ActivityPub, itifaki ya kuunganisha seva za mitandao ya kijamii na kiwango cha W3C (shirika la viwango vya wavuti) tangu 2018, ingekupunguzia kazi, ila jina la mtu limefungwa kwenye seva yake. Seva ya Kibosho ikifa, na wanachama wake wamepotea.

Anza na seva mbili. Zitenganishe wiki nzima, watu waandike pande zote, kisha uziunganishe. Kabla ujumbe wote haujafika bila kujirudia, usiguse rangi wala vitufe.