Mia mbili yenye maandishi yaliyojirudia: kabla hujaiita mamilioni

Mkuu uliyeuliza kuhusu ile sarafu ya mia mbili yenye picha ya Karume ambayo herufi zake zimejirudia, na jamaa wa sokoni Makoroboi akakwambia usiiachie chini ya laki tano, tulia kwanza. Mi nanunua sarafu za zamani hapa Mwanza, nyingi napata kwa makonda na akina mama wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, na hizi za kujirudia naletewa sana tu. Karibu zote ni za aina moja, isiyo na thamani zaidi ya mia mbili yenyewe.

Iko hivi. Sarafu inagongwa kati ya mihuri miwili ya chuma. Zamani muhuri wenyewe ulikuwa unatengenezwa kwa kukandamizwa na muhuri mama zaidi ya mara moja, sasa ile mara ya pili ukikaa pembeni kidogo tu, muhuri unatoka na picha mbili na kila sarafu utakayoigonga inazaliwa na kosa lilelile, yani sawa na muhuri wa mtendaji wa mtaa uliochongwa vibaya, barua zote zitatoka na jina lilelile limekosewa. Hizi ndo zenye hela. Kuna senti moja za Marekani za 1955 zenye kichwa cha Lincoln zilitoka hivi, mwaka na maandishi unaona yamejirudia bila hata kioo cha kukuzia.

Aina ya pili muhuri uko salama ila umelegea kwenye mashine, ukishagonga unasogea na kukwangua herufi. Hapa ndo watu wanapigwa. Azima kioo cha fundi saa, kile kinachokuza mara kumi, uangalie pembeni ya herufi taratibu. Kosa likiwa la muhuri, herufi inanenepa, picha zote mbili zimeinuka na zina mviringo juu, na kwenye kona za herufi unakuta mpasuko mdogo umezigawa. Kosa likiwa la mashine herufi imekonda, ubavuni mwake kuna kidaraja bapa kimelala chini kinang'aa, na ukipima herufi pamoja na hicho kidaraja upana ni uleule wa herufi nzima kwenye sarafu nyingine. Hakuna kilichoongezeka hapo, imekatwa tu. Kwahiyo omba konda akupe mia mbili ingine ya mwaka huohuo uziweke pamoja.

Alafu kuna muhuri uliochoka, herufi zinavimba na kuwa na ukungu pembeni, uwanja wa sarafu, yani pale patupu pasipo na picha wala herufi, nao una mikwaruzo mikwaruzo, hiyo katumie tu kwenye daladala. Ila ukikuta sura nzima imegongwa mara mbili, moja imesogea na ile ya kwanza imelalishwa, hiyo sarafu iligoma kutoka ikapigwa tena, usiitumie, nitafute.

Na mtu asikwambie "nimepata mbili zinafanana basi ni ya muhuri", maana muhuri uliolegea nao unaweza kutoa kadhaa zinazokaribiana.

Ile picha uliyotuma ya flashi haioneshi kitu, chuma chote kinawaka. Piga upya ule mwaka kwa karibu, taa ikae ubavuni, kwanza kushoto alafu kulia, na usiisugue na dawa ya meno aisee.