Jiwe la mate la milimita 6: leza au kisu?

Swali: Asalaam aleikum daktari. Niko Likoni. Kila nikila embe la ndimu na pilipili, chini ya taya upande wa kulia huvimba kama limau, kisha hunywea baada ya saa moja. Ultrasaundi imeonyesha jiwe la milimita 6 kwenye mfereji wa tezi ya mate. Je, laweza kuvunjwa kwa leza kama mawe ya figo, tezi isitolewe?

Jibu: Waaleikum salaam. Laweza, tena kwa leza ile ile ya figo, ya holmiamu. Ila kwanza tujue jiwe limekaa wapi. Mfereji huo una urefu wa sentimita 5 hivi, kutoka kwenye tezi hadi chini ya ulimi. Jiwe likiwa mbele na kidole kinaligusa, leza ya nini? Mfereji hupasuliwa kidogo kwa ganzi, jiwe likatolewa zima. Leza hufaa lile la nyuma, lisiloshikika kwa kidole na lisilotoka kwa kikapu cha waya, kile kidogo cha kunasia jiwe ndani ya mfereji. Hadi milimita 4 kikapu mara nyingi hutosha. Likizidi 8, kulipondaponda huchukua muda mrefu mno, na mimi hushauri kulitoa kwa kisu.

Mdomo wa mfereji una upana wa nusu milimita tu, kwa hiyo hutanuliwa taratibu kwa vijiti vinavyozidiana unene. Kisha huingizwa endoskopu, yaani kijiti chembamba chenye kamera, isiyozidi milimita 1.6, na ndani yake uzi wa leza wa milimita 0.2 hivi. Tunaanza na nguvu ndogo: jouli 0.5 kwa kila pigo la leza, mapigo 5 hadi 10 kwa sekunde, ncha ikigusa jiwe lenyewe. Likipigwa hupenda kukimbilia nyuma, kwenye tezi, ndipo daktari asiye na subira hulifuata na kuchoma ukuta. Maji ya chumvi lazima yapite muda wote ili yapoze. Yakikatika, mfereji huungua, na baada ya miezi husinyaa. Uvimbe unarudi na jiwe halipo.

Kuvunja ni nusu ya kazi. Vipande vyote vitolewe kwa kikapu, maana kinachobaki chaweza kukua upya. Mrija mwembamba wa plastiki huachwa ndani wiki mbili hivi ikiwa ukuta umechubuka. Uvimbe wa siku moja au mbili ni wa kawaida. Ulimi ukiinuka na pumzi ikawa nzito, kimbilia kitengo cha dharura usiku huo huo.

Unapotafuta hospitali hapa Mombasa, usiulize leza pekee. Endoskopu ya figo ni nene, haiingii mfereji huu. Muulize daktari wa masikio, pua na koo kama wana endoskopu ya mate. Nenda na picha ya CT isiyo na dawa ya mshipa, kwani ultrasaundi huweza kukosa jiwe la pili. Ukiona usaha au homa, antibiotiki zitangulie. Mfereji wenye maambukizi hutoboka upesi.

Kwa sasa kunywa maji mengi na usugue tezi kutoka nyuma kwenda mbele. Ndimu acha mpaka mfereji ufunguke: mate yakiongezeka na njia imezibwa, utazidisha maumivu tu.