Nozeli inayodondosha

SWALI: Fundi, gari langu la dizeli linatoa moshi mweusi. Nimeambiwa nozeli zimechoka. Kwani kazi yake ni nini?

JIBU: Ndugu yangu, nozeli huyapuliza mafuta yawe ukungu. Ndani mna sindano iliyobanwa na springi. Presha ikipanda, sindano hunyanyuka, mafuta yakachomoka kwenye vitundu vya ncha, kisha hujifunga papo hapo. Katika injini nyingi za kisasa, presha ya mafuta hufika baa 2,000 (baa ni kipimo cha presha)! Sindano isipoziba vizuri, hudondosha matone, na tone haliungui lote. Ndiyo masizi hayo. Juzi nilifungua moja: ncha imelowa, nyeusi tii. Tafadhali usiichokonoe kwa waya, utaharibu vitundu. Ipimwe kwenye mashine yake. Na nakusihi, usikinge mkono mbele ya mpulizo. Mafuta hupenya ngozi.