Unakwenda kufundisha Kiingereza Japani? Kiswahili chako kitakusaidia

Ukipata kazi ya ualimu msaidizi wa Kiingereza Japani utapewa semina fupi: namna ya kuinama ukisalimia, viatu vinavuliwa wapi, michezo gani huwachangamsha watoto. Yote yana maana. Ambacho mara nyingi huambiwi ni kwamba darasani Kiingereza hujadiliwa kwa Kijapani, kwa istilahi ambazo wewe, pamoja na Kiingereza chako chote, hujawahi kuzisikia.

Mwalimu mwenyeji ataandika sentensi ubaoni, atapiga mstari chini ya maneno, ataweka herufi S, V, O na C (kiima, kitenzi, shamirisho na kijalizo), kisha atauliza hiyo ni sentensi ya aina ya ngapi. Aina zenyewe ni tano, wanaziita gobunkei, na anayesoma sekondari ya juu hazikwepi. Chimbuko lake ni Mwingereza, C. T. Onions, mwanakamusi wa Oxford, aliyeupanga mfumo huo mwaka 1904. Kwao Uingereza sijui nani bado anauhangaikia, lakini Japani upo hai. Usiucheke. Mwanafunzi akikwama kwenye sentensi ndefu, swali la "V iko wapi?" humtoa haraka kuliko maelezo yako ya robo saa.

Kwa hiyo wiki ya kwanza jifunze istilahi. Si nyingi. Meishi ni nomino, dōshi kitenzi, keiyōshi kivumishi, fukushi kielezi, zenchishi kihusishi. Jodōshi ni vitenzi visaidizi kama "can" na "must". Kankei daimeishi ni "who" na "which" zinapofanya kazi ya amba- yetu. Kateihō ni mambo ya "if I were you". Zamani yalisubiri sekondari ya juu, ila kwa mtaala ulioanza 2021 yameshushwa hadi sekondari ya chini, basi usishangae mtoto wa miaka kumi na minne akikuuliza kwa nini si "was".

Utakayoisikia kuliko zote ni san-tan-gen no esu, ile "s" ya nafsi ya tatu umoja wakati uliopo. Mtoto anaandika "She play tennis", mwalimu anagonga ubao, anatamka "san-tan-gen!", na darasa zima linajibu "esu!" Kesho yake mtoto yuleyule anaandika "My brother like soccer". Si uvivu. Kitenzi cha Kijapani hakijali nani anatenda: mimi, wewe, yeye, umbo ni lile lile. Sisi tuna ni-, u-, a- kila tunapofungua mdomo, kwa hiyo tunaona ni kawaida kitenzi kumtambulisha mtendaji. Kwao hiyo "s" ni pambo lisilo na kazi, na pambo husahaulika.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu makosa yao mengi mtu wa Kiswahili anayaelewa kuliko Mwingereza.

Chukua kauli ya kutendwa, ukemi kwa lugha ya darasani. Utasahihisha daftari na kukuta "I was stolen my wallet". Mwalimu kutoka Marekani huishia kusema si Kiingereza, kwamba pochi ndiyo iliyoibwa, si wewe. Lakini wewe ukipoteza pochi kwenye daladala unasemaje? Nimeibiwa pochi. Mjapani naye husema saifu o nusumareta, anayetajwa ni yule aliyepatwa, na pochi inabaki palepale kama shamirisho. Twende mbele. Mvua ikikukuta njiani umenyeshewa. Mjapani husema ame ni furareta, kunyeshewa kabisa. Mtu akiondokewa na baba yake amefiwa. Wao husema chichi ni shinareta. Lugha mbili zisizo na undugu wowote zinamweka mbele mtu aliyepatwa na jambo, na Kiingereza hakina umbo rahisi la kufanya hivyo. Ukishaliona hilo, hutamwambia mtoto "hatusemi hivyo". Utamwambia kwamba Kiingereza kwa kawaida humbebesha "was" yule tu ambaye kitenzi kinamgusa moja kwa moja: ni nini kiliibwa? Pochi. Basi "My wallet was stolen". Akitaka kuanza na "I", mpe "I had my wallet stolen". Kwa mvua mpe "I got caught in the rain" na usimpe nadharia.

Jambo lingine ni maswali ya kukanusha. "Haven't you eaten?" Mjapani ambaye hajala hujibu "Yes", maana hai yake, "ndiyo" ya Kijapani, inakubaliana na ulivyosema. Sisi pia: "Hujala?" "Ndiyo, sijala." Dawa yake ni kuwafundisha wasahau swali na kuangalia ukweli: umekula, "yes", hujala, "no", swali liwe limekuja kwa sura yoyote. Ila jichunge mwenyewe, kwa sababu "Yes, I haven't" imejaa midomoni mwetu kutoka Mombasa hadi Mbeya, na watoto wataiiga kwako.

Kuhusu "a" na "the", yaani kanshi, sisi hatuna na wao hawana. Usijaribu kumaliza somo hilo. Kipimo kimoja cha kuanzia: kama kwa Kijapani unaweza kutanguliza sono, yaani "hicho", au kwa Kiswahili ukasema "kile kitabu" na msikilizaji akajua kipi, jaribu "the". Kitakuangusha kwenye "the sun" na kwingineko, lakini kitawavusha mwaka wa kwanza.

Wakati wa genzai kanryō, "I have eaten" na ndugu zake, mwalimu atawataka waseme kila sentensi ni ya kukamilika, ya uzoefu au ya kuendelea. Kichwani mwako linganisha na nimeshakula, nimewahi kufika, na nakaa hapa tangu mwaka jana. Ile ya tatu ndiyo huwaponyoka, na hata kwetu haitumii -me-: "I live here since 2019" utaisikia Tokyo kama unavyoisikia Dodoma.

Usidhani sisi tuko mbele kila mahali. Kwenye "borrow" na "lend" Mjapani anatushinda, kwa kuwa ana kariru na kasu, vitenzi viwili, wakati sisi kuazima tunakutumia pande zote mbili. Ingawa hata yeye atakuomba "Can I borrow the toilet?", kwani kwao choo cha mtu huombwa kwa kitenzi hicho hicho. Mwelekeze kwenye "use", kisha umwonyeshe kilipo.

Mwisho, mwalimu mwenyeji. Muite kwa jina la ukoo na sensei, hata kama ni mdogo kwako, na kosa lake la ubaoni usilisahihishe mbele ya watoto. Dakika chache za uchiawase, kile kikao kabla ya kipindi, ndizo za kupitia sentensi za siku. Siku moja atakuletea mbili, "I'm used to get up early" na "I'm used to getting up early", akuulize kwa nini ya pili ndiyo sahihi. "Ndivyo tunavyosema" halitamtosha. Mwambie hiyo "to" ni zenchishi, si ya futeishi (kitenzi kisichonyambuliwa, kama "to get"), na kwa hiyo inafuatwa na dōmeishi, lile umbo la -ing. Kama hujui jibu, mwombe muda hadi baada ya chakula cha mchana, na saa ile ufungue kitabu cha sarufi badala ya simu, kwa sababu atarudi kuuliza.