Kabla upande staji: ushauri kwa wanaotaka kushindana kutunisha misuli Kisumu na Nakuru

Mashindano ya mkoa yakikaribia vijana wa jim huanza kuniuliza swali moja, nikule nini mwili utoke makata, yaani misuli ionekane imegawanyika, na mimi huwajibu na swali, unaweza kusimama umebana mapaja na tumbo dakika mbili bila kutetemeka huku ukipumua na kutabasamu? Wengi hunyamaza. Kuinua chuma wanajua, na kula mayai wanajua, lakini kupozi wanaona ni mambo ya wiki ya mwisho, kitu ya kujaribu mbele ya kioo ukimaliza kupiga kifua. Na hapo ndipo mashindano haya yetu madogo huamuliwa, kwa sababu wengi wanaopanda wako karibu kiwango kimoja, hakuna majitu huku, kwa hivyo anayejua kuonyesha alicho nacho anamshinda aliye nacho kingi na hajui kukionyesha.

Nimeona hii kwa macho yangu kwa ukumbi mmoja hapa Kisumu. Kulikuwa na jamaa mkubwa, mabega kama mlango, namba yake imebanwa kwa chupi upande wa kushoto vile inatakiwa, na alipoingia watu walipiga kelele mpaka huskii MC. Kando yake alisimama fundi wa kuchomelea kutoka Kondele, mfupi, mwepesi kwa kilo nyingi. Jaji mkuu akaita robo ya kwanza kulia, yaani wageuke robo duara. Yule mkubwa akageuka, akaweka mikono, halafu akaachilia miguu, mapaja yakalala, tumbo likatoka kidogo, maana kwa akili yake hiyo ilikuwa ni kusimama tu. Fundi yeye aligeuka akiwa amekaza kuanzia kidole cha mguu, misuli ya nyuma ya paja ilikuwa imegawanyika unaiona kutoka viti vya nyuma. Majaji wakaanza kuwabadilishia nafasi, wewe njoo katikati, wewe sogea huko mwisho, na kwa kawaida ukiona unasukumwa pembeni wakati wa kulinganishwa ujue wanaopigania nafasi ya kwanza ni wale wa katikati. Fundi alibaki katikati mpaka mwisho.

Kwa hivyo jambo la kwanza, kile wanaita kusimama kawaida mkiwa mmepangwa mstari sio kupumzika. Umebana kila kitu, miguu, tumbo, mgongo umefunguka, mikono imeachana na mbavu kidogo, lakini uso umetulia. Na hata kama kundi lingine ndilo limeitwa mbele na nyinyi mko nyuma, bado unaonekana, jaji akiinua macho tu akupate umekunja mgongo na umeshika kiuno, ashakuandika kichwani.

Kwa bodybuilding yenyewe kuna pozi saba za lazima ambazo majaji wataita: dabo baisepsi ya mbele (mikono yote miwili imekunjwa juu), lati spredi ya mbele (mgongo umefunguliwa kama mabawa), saidi chesti (kifua ukiwa umesimama upande), dabo baisepsi ya nyuma, lati spredi ya nyuma, saidi traisepsi (nyuma ya mkono ukiwa umesimama upande), halafu abs, yaani misuli ya tumbo, na mapaja. Zote anza nazo chini. Weka mguu kwanza, kaza ndama (misuli ya nyuma ya mguu chini ya goti), kaza paja, vuta tumbo, fungua kifua, mikono iwe ya mwisho kabisa. Vijana wengi huanza na mikono kwa sababu ndiyo wanaipenda, na majaji huanza kuangalia chini. Zile za nyuma ni ngumu zaidi kwa sababu hujioni, kwa hivyo tafuta mtu akuchukue video kwa simu, tena simu iwe chini kidogo usawa wa kiuno maana majaji hukaa chini na wewe uko juu. Kioo kitumie mwanzoni tu, staji haina kioo, ukizoea kujiangalia utapotea siku hiyo.

Fanya pozi kila siku baada ya mazoezi wakati umechoka, shikilia kila moja sekunde ishirini au thelathini, halafu rudia mzunguko wote. Utatoka jasho kuliko siku ya miguu na kesho yake misuli itauma mahali hukujua uko na misuli. Yule fundi alinishika bega nyuma ya staji akaniambia, "Omera, usishike pumzi. Ukishika pumzi uso unavimba na miguu inaanza kucheza. Pumua juu juu, tumbo libaki ndani." Hiyo ni ushauri wa bure na mpaka leo sijapata wa maana kuuliko.

Kama haujawahi kwenda mashindano yoyote, enda moja kama mtazamaji kwanza. Lipa kiingilio, fika mapema, kaa karibu na meza ya majaji kadiri utakavyoruhusiwa, na ukikaa usiangalie tu wale wakubwa. Chukua kundi moja, jipe kazi ya kuwapanga wa kwanza mpaka wa tano kabla matokeo hayajasomwa. Utaona vile macho yako yanadanganywa na mikono na kifua, halafu wakigeuka nyuma kila kitu kinabadilika, mtu hana mgongo, hana ndama, mafuta bado yako kiunoni. Ukishaona hivyo utarudi jim na akili tofauti kabisa.

Hapo pia ndio utajua kitengo chako. Bodybuilding kwa kawaida hupangwa kwa uzito, unavaa chupi ndogo na kila kitu kiko nje. Men's Physique ni kaptula ndefu, mapaja hayahesabiwi, wanaangalia umbo la V, mabega mapana kiuno chembamba, na vile unajibeba, na IFBB, shirikisho la kimataifa la bodybuilding, walikitambua rasmi mwaka 2012 kwa hivyo hata kimataifa sio kitengo cha zamani sana. Classic Physique iko katikati, kuna kikomo cha uzito kulingana na urefu wako ndio mtu asiwe mzito kupita kiasi. Wadada wako na vitengo vyao kama bikini na wellness, na naomba wadada wa huku Kisumu, Kakamega, Nakuru mjitokeze maana wakati mwingine unakuta kitengo kimeunganishwa na kingine kwa sababu watu ni wachache. Uliza waandaaji mapema ni vitengo gani vitakuwepo, usije ukajiandaa kwa kitu ambacho siku hiyo hakipo.

Sasa chakula, maana najua ndio mnangojea. Anza wiki kumi na mbili mpaka kumi na sita kabla, na upungue polepole, nusu asilimia hadi asilimia moja ya uzito wako kwa wiki. Mtu wa kilo 80 hiyo ni gramu 400 mpaka 800, ukishuka zaidi ya hapo unakula misuli yako mwenyewe. Protini gramu 1.6 hadi 2.2 kwa kila kilo ya mwili, yaani huyo wa kilo 80 anahitaji kama gramu 130 mpaka 175 kwa siku, na yai moja lina kama gramu sita, fanya hesabu uone mayai peke yake hayatakufikisha. Na hapa sisi wa kanda ya ziwa Mungu ametupendelea kweli. Omena ukinunua gorogoro soko la Kibuye ni protini ya bei ya chini, ioshe vizuri kwa maji moto mpaka mchanga uishe, ikaange kwa mafuta kidogo sana au uichemshe na nyanya. Ngege (tilapia) ya kuchemsha, maziwa, maharagwe, ndengu. Mboga za kienyeji kama osuga (managu) na dek (mgagani) zinajaza tumbo na hazina kalori za kukusumbua, na wakati uko kwa dayeti kali hicho kitu cha kujaza tumbo ni cha maana sana, njaa ya usiku ndio huangusha watu. Ugali usiutoe, upime. Pima unga kabla ya kupika, sio ugali kwa sahani, kwa sababu maji hubadilika kila siku. Suplementi za mkebe ni sawa kama pesa iko, lakini usikose kodi kwa sababu ya mkebe.

Kitu kingine ambacho hakuna mtu hukuambia ni watu wa nyumbani. Huku kwetu mtu akikonda ghafla mashavu yakaingia ndani, watu hawasemi anafanya dayeti, wanasema ni mgonjwa. Mama yangu aliniangalia siku moja nikiwa nimebakisha wiki chache, akaondoka jikoni bila neno, akarudi na sahani ya ugali na kuku imejaa, akakaa mbele yangu akangoja nile. "Mwanangu, kama kuna kitu, niambie." Ilibidi nimtolee simu nimwonyeshe picha za washindani wengine, nimweleze tarehe, nimwambie baada ya hapo nitakula kila kitu. Akanielewa, na kutoka siku hiyo ndiye alikuwa akinichemshia samaki. Kwa hivyo ongea na watu wako mapema, mke, mume, wazazi, hata mwenye unashare naye nyumba, kwa sababu hasira ya njaa itawafikia wao kwanza na sio haki ikiwafikia bila kujua sababu.

Nakuja kwa maji, na hapa naomba mnisikize vizuri. Kuna kocha wa mtaani atakuambia acha kunywa maji siku mbili ndio ukauke. Usifanye hivyo. Misuli yenyewe karibu robo tatu ni maji, na wanga unaohifadhiwa ndani ya misuli hukaa na maji yake, kila gramu moja na kama gramu tatu za maji. Ukikata maji misuli inakuwa bapa, pampu, yaani misuli kujaa damu ikavimba, haiji, na kwa joto la Kisumu unaweza kuzirai kabla jina lako liitwe. Kama mafuta hayajaisha kwa ngozi, kukata maji hakutayatoa. Mbaya zaidi ni tembe za kukojoa. Mohammed Benaziza alikuwa profeshono wa dunia, alikufa mwaka 1992 saa chache baada ya kushinda mashindano Uholanzi, na upungufu wa maji mwilini ulitajwa katika kifo chake. Huyo alikuwa na watu wa kumshauri. Wewe una nani? Hizo tembe ziko kwa orodha ya dawa zilizopigwa marufuku michezoni pamoja na sindano za homoni, na Kenya tuko na sheria ya kupambana na doping ya mwaka 2016. Ukiambiwa na mtu kwa chenji rumu kwamba bila sindano huwezi kushinda mashindano ya mkoa, mtu huyo anakuuzia kitu.

Wiki ya mwisho usibadilishe chochote kikubwa. Chakula kile kile, punguza mazoezi ya miguu siku chache kabla ili iache kuvimba. Nyoa mwili siku moja au mbili kabla, sio asubuhi ya mashindano, ngozi yetu hutoka vipele haraka na taa za staji zinavionyesha vyote. Mafuta paka kidogo sana. Watu hudhani kung'aa ndio kuzuri, lakini kwa ngozi nyeusi mafuta yakizidi mwanga unaruka juu ya mwili wote na zile mistari ulizotafuta miezi yote hazionekani.

Kama unasafiri, tuseme kutoka Kisumu kwenda Nakuru, enda siku moja kabla. Kukaa kwa matatu kutoka Ahero mpaka Salgaa magoti yamekunjwa kunavimbisha miguu, na ukishuka Nakuru kuna baridi maana uko mita kama 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu ni kama 1,130. Baridi hufanya mishipa ijifiche, kwa hivyo beba traki suti na soksi, ubaki umejifunika mpaka dakika ya mwisho, na upashe mwili muda mrefu kuliko umezoea. Anayetoka Nakuru kuja huku yeye shida yake ni jasho, abebe taulo mbili.

Beba chakula chako chote. Ratiba itasema saa nane na utapanda saa kumi na mbili, huo ndio ukweli, kwa hivyo usile kila kitu saa sita. Viazi vitamu vilivyochemshwa na kupoa, ndizi, asali kidogo, unakula kidogo kidogo kila baada ya muda. Maji unakunywa kwa funda. Kwa pampu hakuna haja ya vyuma, mpira wa ndani wa baiskeli na pushapu zinatosha, pampu mabega, mgongo na kifua, lakini mapaja usiyachoshe sana maana yakijaa damu hayakubali kubana vizuri. Muziki wako wa kupozi peke yako uwe kwa flashi na pia kwa simu, na uende mwenyewe kwa DJ umsikilizishe.

Matokeo yakishatoka, hata kama umekuwa wa mwisho, vaa nguo uende kwa majaji kwa heshima ukiwa umetulia. Usiulize kwa nini umenyimwa, hapo mazungumzo yanaisha. Uliza vitu viwili tu: ni sehemu gani ya mwili wangu iliniangusha, na ni kwa pozi gani mliiona. Andika kwa simu hapo hapo kabla hujaenda kula, kwa sababu ukishaona samaki wa kukaanga hutakumbuka chochote, na Jumatatu hiyo sehemu ndio unaanza nayo jim.