Vyura, dawa za shambani na joto: majibu ya maswali yenu

Chura na mjusi wanapita shamba lilelile. Kwa nini dawa imdhuru zaidi chura?

Ngozi. Mjusi amevaa magamba. Chura yuko wazi. Mtazame akiwa amejibanza juu ya udongo mbichi: hanywi kwa mdomo, maji yanamwingia kupitia ngozi ya tumbo na mapaja, pamoja na chochote kilichomo. Mwaka 2013 Carsten Brühl wa Ujerumani na wenzake walichapisha majaribio ya kuwapulizia vyura wachanga dawa saba. Moja, kwa kipimo kilekile cha kwenye kibandiko, iliwaua wote ndani ya saa moja. Nayo ilikuwa dawa ya ukungu, wala si ya wadudu.

Dawa ikiwa kidogo kiasi kwamba kiluwiluwi hafi, shida iko wapi?

Hili ndilo swali ninalolipenda, maana vipimo vingi vya usalama huishia kuhesabu waliokufa. Chukua malathioni, dawa ya wadudu. Kiasi kidogo tu huua vijidudu vinavyokula mwani unaoelea. Walaji wakiisha, mwani huo unashamiri, maji yanageuka kijani, mwanga haufiki chini. Mwani wa chini, ule unaoota kwenye mawe na majani yaliyozama, unadumaa, na huo ndio chakula cha kiluwiluwi. Basi anakua kwa kusuasua, na dimbwi linakauka kabla hajawa chura. Dawa haikumgusa, lakini imemmaliza. Katika majaribio ya Rick Relyea nchini Marekani, dozi ndogo za kila wiki zilivuruga mambo kuliko dozi moja kubwa.

Joto linaingilia wapi?

Kwanza, hilo dimbwi linakauka mapema zaidi. Pili, maji ya moto hubeba oksijeni kidogo wakati mwili wa kiluwiluwi unaidai kwa wingi. Tatu, joto humharakisha akatoka majini akiwa mdogo, na kachura kadogo hukaukiwa upesi. Ila msikubali kwamba joto huzidisha ukali wa kila sumu. Dawa za jamii ya pairethroidi, kwa mfano, huwaua wadudu vizuri zaidi kukiwa na baridi.

Nimesikia joto huwaponya vyura. Ni porojo?

Si porojo. Kuvu anayewaua vyura duniani kote hustawi kati ya nyuzi 17 na 25, na ikizidi 28 hudhoofika. Mwaka 2024 watafiti wa Australia walionyesha kwamba vyura wagonjwa, wakipewa matofali yenye matundu yaliyopashwa na jua, huingia wenyewe na wengi hupona. Lakini hao huingia na kutoka wapendavyo. Wimbi la joto lisilo na kivuli ni habari nyingine.

Dawa ya magugu hugeuza dume kuwa jike?

Atrazini. Mwaka 2010 Tyrone Hayes, mwanabiolojia wa Marekani, aliripoti kwamba kati ya vyura dume waliolelewa kwenye maji yenye dawa hiyo, takriban mmoja kati ya kumi alikuwa jike kamili, mwenye kutaga. Mtengenezaji alipinga, na ubishi haujaisha. Umoja wa Ulaya umeshaiondoa sokoni.

Mimi mkulima nifanye nini?

Usipulize mvua ikinukia. Acha ukanda wa nyasi usiopulizwa kando ya maji. Na bomba la dawa usilisuuzie bwawani. Maji ya kusuuzia yamwage shambani, kwenye mimea uliyokwisha kuipulizia, mbali na mtaro.